Somo: Kuanzisha tangi dogo la matumbawe nyumbani, lita 80 za maji ya chumvi

Somo hili ni la tangi la sentimita 60 kwa 40, kimo sentimita 40. Ukilijaza hadi sentimita 37 na kutoa nafasi ya mawe na mchanga, unabaki na lita 80 hivi za maji. Anayeanza asishuke chini ya hapo. Maji yakiwa machache, joto na chumvi hupanda na kushuka kwa saa chache, na matumbawe hayavumilii kuyumbishwa. Matangi mengi yanayokufa miezi ya mwanzo yanauawa na haraka ya mwenyewe au na maji yaliyopungua bila kufidiwa.

1. Kioo na meza

Mwambie fundi vioo akukatie kioo cha milimita 8, aunganishe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, nayo inaua. Acha ikauke wiki nzima, kisha jaza maji baridi ya bomba tangi likiwa nje na uliache siku nzima uone kama linavuja.

Likijaa maji, mawe na mchanga litapita kilo 120. Meza iwe ya mbao nene au chuma, na uipime kwa pimamaji pande zote. Ikiinama, uzito unaegemea kioo kimoja. Liweke mbali na dirisha la jua. Waya za umeme zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni.

2. Maji na chumvi

Hapa usibane pesa. Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya pwani vina chumvichumvi na nitrati. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO (unaosukuma maji kupitia utando mwembamba) na kichujio cha DI (kinachonasa madini yaliyobaki), kipima cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, kikisoma 0. Maji ya dukani ya kujaziwa kwenye dumu yapime kwanza, kwa sababu maduka mengine hurudisha madini ili yapate ladha.

Chumvi iwe ya akwariamu ya matumbawe, gramu 35 hadi 38 kwa lita kulingana na maelezo ya pakiti. Kwa lita 80 ni kama kilo 3. Weka maji kwenye pipa kwanza, washa pampu, ndipo umimine chumvi kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu inaganda na kuwa unga mweupe ambao hauyeyuki tena. Acha pampu izunguke saa 24, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga: sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026. Refraktomita irekebishwe kwa maji ya kupimia yenye kiwango cha 35. Ukiirekebisha kwa maji matupu peke yake, inaweza kusoma sawa kwenye sifuri na kukudanganya kwenye 35.

3. Mawe, mchanga na mkondo

Kilo 8 hadi 10 za mawe makavu ya akwariamu, yenye vitundu vingi, zinatosha. Yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kisha mchanga wa aragonaiti (aina ya kalsiamu kaboneti) wa sentimita 2 hadi 3 umwagwe kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga, samaki au kamba anayechimba ataangusha mnara wote. Acha vidole vinne kati ya mawe na kioo ili uweze kusafisha.

Pampu mbili za mkondo, kila moja ya lita 1,000 kwa saa, zielekezwe zikutane katikati. Kichujio cha kuning'iniza nyuma chenye sifongo na kaboni kinatosha, mradi sifongo ioshwe kila siku tatu.

4. Kulea bakteria

Taa zimezimwa, hakuna samaki. Yeyusha nusu gramu ya amonia kloridi iwe chakula cha bakteria. Kwa lita 80 hiyo inakupa kama miligramu 2 za amonia kwa lita. Usitumie amonia ya kusafishia nyumba yenye sabuni au manukato. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Pima kila siku mbili. Tangi liko tayari siku utakapoweka tena kipimo kilekile na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Kwa kawaida ni wiki tatu hadi sita. Kisha badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati.

5. Viumbe

Anza na konokono watano au sita wanaokula mwani, kisha samaki klauni wawili, waliozalishwa kwenye mabwawa kama unawapata. Mfuko uelee dakika 20 ili joto lilingane, dondosha maji ya tangi humo polepole kwa nusu saa, kisha hamisha samaki kwa kijinyavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Matumbawe yaanze mwezi wa tatu, na yawe laini: Sarcophyton, Sinularia, Discosoma. Taa iwake saa 8 kwa siku, ikianza na nguvu ndogo na kupandishwa kila wiki. Zoanthus na Palythoa, jamaa wa matumbawe, ni rahisi kulea na wanapendeza, ila wanaweza kubeba sumu kali ya palitoksini. Washike kwa glavu, linda macho, na usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye viumbe hao. Mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

6. Maji yanayopotea

Maji yanapokauka chumvi haiondoki. Katika tangi hili kila sentimita moja inayoshuka ni lita 2.4. Ikishuka moja, chumvi inatoka 35 na kufika 36. Zikishuka tatu, imepita 38. Bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapoishia, na kila asubuhi ongeza maji ya RO matupu hadi kwenye utepe. Ukifidia kwa maji ya chumvi unalimbikiza chumvi juu ya chumvi. Kila wiki badilisha lita 8 kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa tangu jana yake, yenye joto lilelile. Kwa matumbawe laini ratiba hiyo inatosha kushikilia alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) kwenye 8 hadi 9 dKH na kalsiamu kwenye miligramu 400 hadi 450 kwa lita.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Malindi: Hapa jirani tuna mashamba ya chumvi ya Gongoni. Siwezi kutumia hiyo? Chumvi ya akwariamu ni ghali mno.*

Hapana, ndugu. Maji ya bahari yakianikwa, kinachotangulia kuganda ni kalsiamu kaboneti, halafu jasi, ndipo chumvi inayovunwa. Magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachopata ni sodiamu kloridi karibu tupu, na matumbawe hayawezi kujenga mwili kwa hiyo.

*Basi maji ya bahari yenyewe je?*

Hayo yanafaa, ukiyachota mahali sahihi: bahari wazi, maji yakiwa yamejaa, mbali na mto, mkondo wa bandari na mabomba ya hoteli. Wakati wa masika acha, mvua inapunguza chumvi yake na kuleta tope. Yachuje kwa kitambaa kizito, yakae kwenye pipa lililofunikwa gizani na pampu ya hewa wiki mbili au tatu, kisha nyonya kwa mpira yale masafi ya juu. Pima chumvi na amonia kabla ya kutumia.

*Mwanachama wa Mombasa: Wakati wa kaskazi tangi langu linasoma 31 mchana. Niweke barafu?*

Usiweke. Joto litashuka ghafla, kisha lipande tena. Lenga 25 hadi 27. Ondoa kifuniko, weka wavu badala yake, na feni mbili za volti 12 zipulize juu ya maji. Zinashusha digrii 2 hadi 3, pungufu siku ya unyevu mwingi. Maji yatakauka zaidi, hivyo hatua ya 6 usiikose hata siku moja. Sogeza saa za taa ziwe usiku. Ikibaki juu ya 29, nunua mashine ya kupoza maji au usiweke matumbawe kwanza. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, tena baharini kwenye maji mengi.

*Mwanachama wa Nairobi: Kwangu ni kinyume, Julai kuna baridi.*

Hita ya wati 100 yenye thamosteti, na kipimajoto cha pembeni. Hita hukwama ikiwa imewaka. Usiamini namba iliyoandikwa juu yake.

*Umeme ukikatika saa sita nzima?*

Kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Nunua pampu ya hewa inayojiwasha yenyewe kwa betri. Huna? Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Usilishe samaki mpaka umeme urudi.

*Mchanga umefunikwa vumbi la kahawia wiki ya tano. Nianze upya?*

Usianze upya. Hizo ni diatomu, zinakula silika iliyomo kwenye mawe na mchanga mpya, na zikiimaliza zinapotea. Pima TDS ya maji yako. Ikizidi 0, badilisha kichujio cha DI, la sivyo unazilisha kila siku.

*Mwanachama wa Tanga: Naweza kuokota tumbawe dogo mwambani maji yakitoka?*

Usiokote. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi kama Watamu, Kisite, Mafia au Chumbe kuchukua matumbawe ni kosa. Tena tumbawe la mwambani linahitaji mwanga na mkondo ambao tangi la lita 80 lenye miezi miwili halina. Omba kipande kwa mwenye tangi. Discosoma mmoja akikatwa, hujigawa na kujaza jiwe ndani ya miezi.