SOMO: Umejiandikia programu ya kuseti redio ya upepo? Pita hapa kabla hujaishea

Habari za jioni wakuu. Hili swali nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, bora niliweke hapa tumalizane. Mtu ana redio yake ya upepo, tuseme Baofeng UV-5R, zile za Kichina walinzi na watu wa matamasha wanatembea nazo, programu yake ya kuingizia chaneli inamsumbua kwenye kompyuta, basi kakaa wiki mbili kajiandikia ya kwake kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Amevunja sheria? Na akiimwaga mtandaoni watu wajichukulie bure je?

Kuandika sio kosa. Ila kuna namna ya kuiandika ambayo inakutia matatani, na kuna vitu watu wanavipakia pamoja na programu bila kufikiri, hivyo ndio vinawaponza. Mimi fundi tu, sio wakili, kama kuna hela nyingi au barua imeshaingia tafuta wakili.

HATUA YA 1: sikiliza waya, usipasue programu ya mwenzio kuchungulia ya ndani

Chomeka kebo, washa programu ya kampuni, kaa katikati urekodi kinachopita. Kwenye UV-5R mazungumzo yanakwenda kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde. Kompyuta inapiga hodi kwa baiti saba, 50 BB FF 20 12 07 25 (hizo nne za mwisho ukiziangalia utadhani tarehe), redio ikiridhika inaitikia 06, yaani karibu ndani. Ukikosea hodi inakunyamazia kimya kama mwenye nyumba anayedaiwa.

Ukishaingia unasoma kumbukumbu yake, kila chaneli ina baiti 16. Masafa ya megahezi 145.500 utayakuta yameandikwa 00 00 55 14. Mimi hapa nilikesha, nikahisi redio mbovu. Kumbe isome kinyumenyume: 14 55 00 00, hiyo ni 14550000, zidisha kwa 10 upate hezi. Basi, umeshajua siri.

Na hiyo siri haina hakimiliki. Mkataba wa TRIPS, ule wa haki za ubunifu kwenye biashara, ambao Tanzania na Kenya zote zimo kwa sababu ziko WTO, shirika la biashara duniani, kifungu cha 9 kinasema hakimiliki inalinda namna kitu kilivyoelezwa, hailindi wazo wala utaratibu wala njia ya kufanyia kazi. Marekani wana sheria yao inayosema hivyohivyo. Ulaya ndio wakamaliza kabisa mwaka 2012, kesi ya SAS na World Programming, mahakama yao ya juu ikasema kazi ambayo programu inafanya na mpangilio wa mafaili yake ya data havilindwi kama msimbo (mistari ya programu yenyewe) unavyolindwa. Kwa hiyo hodi ya baiti saba piga tu.

HATUA YA 2: andika kwa mkono wako

Ukifungua msimbo wa kampuni ukakopi mistari, hata ukibadilisha majina, hapo umeiba, hakuna maelezo. Ukichukua kutoka CHIRP, ile programu huria ambayo wengi tunaitumia, ruksa, ila leseni yake ni GPLv3, leseni ya programu huria: ukiisambaza yako yenye mistari yao lazima na yako iwe GPLv3, utoe na msimbo, na majina ya walioandika yabaki. Watu wanafuta majina wanaweka nembo zao halafu wanasema "nimetengeneza". Huo wizi tena wa kitoto, maana mistari inatambulika.

HATUA YA 3: ukikuta kufuli, simama kwanza

Kusoma waya ulio wazi ni jambo moja, kuvunja kinga ni jambo jingine. Marekani tangu 1998 wana DMCA, sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali, kifungu 1201 kinakataza kuvunja kufuli za kidijitali na kugawa zana za kuvunjia. Kuna mwanya kwenye 1201(f) kwa mtu anayetaka programu yake aliyoiandika mwenyewe ielewane na nyingine, lakini mwembamba, na lazima ile nakala uliyochunguza uwe uliipata kihalali. Ulaya wana maelekezo ya 2009/24, kifungu cha 6, yanayoruhusu kuipasua programu kwa sababu hiyohiyo kama taarifa huzipati pengine, na mkataba ukisema vinginevyo kipengele hicho ni batili. Marekani hapana, kule uliyobofya "nakubali" yanaweza kukubana, kesi ya Bowers na Baystate ya 2003 ilikwenda hivyo. Kwa hiyo soma ulichobofya, najua hakuna anayesoma, ila safari hii soma.

HATUA YA 4: safisha kifurushi

Hapa nilijikwaa mwenyewe. Niliweka toleo la kwanza la programu yangu na faili la mfano ndani yake ili watu wajaribie. Lile faili nilikuwa nimelisoma kutoka redio ya kampuni moja ya ulinzi iliyoletwa matengenezo, lina masafa yao yote na majina ya malindo, geti kubwa, ghala, nyumba ya mkurugenzi. Sikuwaza kabisa. Baada ya siku tatu napigiwa simu na mteja, sauti ya upole sana, hiyo sauti ya upole ndiyo iliyonitoa jasho. Nilifuta usiku uleule, nikaenda kuomba radhi kwa miguu yangu. Mteja yule hakurudi tena.

Kwa hiyo ondoa mafaili ya wateja, ondoa programu ya ndani ya redio kama ni mali ya kampuni, ondoa nembo zao. Kuandika "inafanya kazi na UV-5R" hakuna shida, unaeleza ukweli. Kuibatiza "Baofeng Official" shida.

HATUA YA 5: masafa yana wenyewe

Programu yako halali haikuhalalishii kurusha. Leseni ya masafa inatoka kwa mamlaka ya mawasiliano: Bongo ni TCRA, Kenya ni CA. Ukibonyeza kitufe kwenye masafa ya wengine unajibu wewe uliyebonyeza.

MASWALI YENU

waya_mfupi: Mkuu nikiiuza je au lazima bure?
– Uza. Yako mwenyewe panga bei unayotaka. Yenye mistari ya GPL pia unauza, ila aliyenunua ana haki ya kupewa msimbo na yeye kuugawa bure, kwa hiyo usitegemee kujenga ghorofa.

dadafundi: Mimi nina programu ya kampuni niliilipia leseni, rafiki yangu ananiomba nimpe nakala, si ni yangu?
– Hapana dada, ulilipia kuitumia, hukununua haki ya kuigawa. Mpe ile uliyoandika wewe.

Mbeba Antena: Niko Minnesota, wabongo wenzangu tunataka UV-5R za kuongea kwenye pikiniki, niziseti kwenye chaneli za FRS (zile za redio ndogo za familia huku Marekani) kwa programu yako?
– Usifanye hivyo kaka. Huko FRS na ndugu yake GMRS zinataka redio iliyothibitishwa na FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, kwa huduma hizo, na FRS antena haitakiwi hata kuchomoka. UV-5R kaa nayo kwenye masafa ya wanaredio wa ridhaa, na hapo mwenye kurusha awe na leseni. Ya pikiniki nunueni FRS za dukani, hazihitaji leseni.

kijana_wa_zamu: Ofisini redio zina nywila, fundi wa zamani kaondoka nayo. Nikiivunja?
– Redio sio zako ni za ofisi, kwa hiyo bosi akuandikie barua kwanza. Kisha mcheki wakala aliyeziuza, aghalabu wana njia. Ukifanikiwa mwenyewe, hiyo zana usiimwage mtandaoni, rudi hatua ya 3.

waya_mfupi: Halafu mkuu yangu hata hodi haiitikii, nimefuata baiti zote.
– Chipu ya kebo ni PL2303? Feki zipo nyingi, draiva mpya za Windows zinazikataa. Jaribu kebo nyingine, na plagi isukume mpaka ilie tik, kava la redio huwa linaizuia isizame yote. Zile UV-5R za mwanzo kabisa nazo zina hodi tofauti, 50 BB FF 01 25 98 4D, jaribu na hiyo uniambie.