Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Alpaka Kabla Hujanunua Hata Mmoja

Nafuga alpaka, wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, hapa Ohio, Marekani, na kila ndugu anayetutembelea kutoka Columbus huniuliza: hawa wanalipa? Wanalipa, kwa anayeanza na daftari. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi nyingine na ekari tatu au nne, anayetaka kundi dogo lijilipie. Bei nitakazotaja ni za shambani kwangu. Weka za kwako, utaratibu ni ule ule.

Hatua ya 1: Ondoa ndama kwenye hesabu

Alpaka wa biashara waliingia Marekani mwaka 1984 kutoka Amerika Kusini. Mwaka 1998 rejista yao ikafungiwa wanyama wapya wa kutoka nje, waliopo wakawa adimu, na baadhi ya majike wakauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2007 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, walionyesha kwamba sufu haiwezi kubeba bei hizo. Mnunuzi alikuwa analipia tumaini la kumuuzia mwenzake. Bei zikaja kuporomoka, na waliokopa wakabaki na deni na mifugo wasiouzika.

Tazama pia maumbile yenyewe. Mimba ya alpaka ni miezi 11 na nusu hivi, ndama ni mmoja, pacha ni nadra sana, na nusu ya wanaozaliwa ni madume ambao wengi watahasiwa. Biashara gani itasimama juu ya hapo peke yake?

Kwa hiyo fungua ukurasa wa kwanza kwa jina la dume aliyehasiwa. Hazai, hapandishi, hana bei kubwa sokoni. Huyo akijilipia, ndama yeyote atakayekuja ni ziada.

Hatua ya 2: Andika anachokula na anachotibiwa

Alpaka mzima ana kilo 55 hadi 85 na anakula kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Kiangazi malisho yanatosha. Majira ya baridi, siku kama 150, mpe kilo 1.3 za nyasi kavu kila siku. Pamoja na zinazomwagika, ni marobota 12 ya kilo 20. Kwa mwaka mmoja:

- Nyasi kavu, marobota 12 kwa dola 7: dola 84
- Chakula cha ziada na madini: dola 65
- Ivermectin (dawa ya minyoo) na chanjo: dola 36
- Mkata sufu, pamoja na kucha na meno: dola 40
- Akiba ya daktari wa mifugo: dola 50

Jumla ni dola 275. Mstari wa tatu usiuguse hata mwaka ukiwa mbaya. Kulungu wa mkia mweupe wamejaa huku, na wanabeba mnyoo unaopitia kwa konokono hadi kwa alpaka na kumharibu uti wa mgongo. Wengi wetu tunachoma sindano ya ivermectin kila mwezi. Ni dola chache tu, lakini mnyama akishaanguka miguu ya nyuma, fedha zote za daftari hili hazitamwinua.

Hatua ya 3: Gawa sufu kabla ya kuiuza

Hapa ndipo faida inapopatikana au kupotea. Sufu hukatwa mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, na dume wa kawaida hutoa kama kilo 3. Usizichanganye. Sufu ya mgongoni na ubavuni, kama kilo 1.5, ndiyo bora. Ya shingo ni daraja la pili, ya miguu na tumbo la tatu.

Tuma kishada kidogo maabara wakupimie unene wa nyuzi kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Chini ya 20 inavaliwa shingoni bila kuwasha. Ikizidi 26, fikiria mazulia na soli za ndani za viatu. Sufu huongezeka unene mnyama anavyozeeka, basi pima kila mwaka.

Ukiuza kilo 1.5 ile mbichi kwa wasokotaji wa mkono, kwa dola 70 kilo, unapata 105. Ukiipeleka kiwandani, itapungua kwa kuoshwa na kuchanwa hadi kilo 1.1 ya uzi, yaani mabunda 11 ya gramu 100. Kwa dola 28 bunda ni 308. Toa 115 za kiwanda, zinabaki 193. Ongeza 60 za madaraja ya chini na 40 za samadi, ambayo wenye bustani huipenda kwa sababu haiunguzi mimea, nayo ni rahisi kuzoa: alpaka hujisaidia pahali pamoja.

Jumla 293. Toa 275. Zinabaki dola 18, bila uzio, bila banda, bila kazi yako.

Hatua ya 4: Nunua kwa rangi

Dola 18 hizo zitaongezeka kwa uchaguzi wa mnyama. Viwanda vingi vina uzito wa chini wanaoupokea kwa mzigo mmoja. Mwenye mweupe mmoja, mweusi mmoja na wa kahawia mmoja ana mizigo mitatu isiyotosha. Nunua watatu wa rangi moja na mikroni zinazokaribiana, mzigo uwe mmoja. Weupe ni bora zaidi kwa anayeanza, maana hupokea rangi yoyote. Na usinunue mmoja peke yake, upweke humdhoofisha.

Hatua ya 5: Kodi

Mapato na gharama za shamba huingia kwenye Jedwali F (Schedule F) la fomu 1040, fomu ya kodi ya mapato ya Marekani. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huchukulia kuwa ni biashara, si burudani, ukipata faida katika miaka 3 kati ya 5. Jike au dume wa mbegu uliyemnunua, unaweza kuitoa bei yake kwenye mapato kidogo kidogo kila mwaka, kama uchakavu. Aliyezaliwa kwako hana bei ya ununuzi, hivyo hana cha kutoa.

Ohio ina pia CAUV, mpango wa kutoza kodi ya ardhi kwa thamani ya kilimo. Ukiwa na chini ya ekari 10 lazima uonyeshe mauzo ya wastani wa dola 2,500 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwa hiyo tunza risiti tangu bunda la kwanza. Maombi hupelekwa kwa mkaguzi wa kaunti, kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Machi.