Nani mwenye kauli ya mwisho kwenye kompyuta yako?

Ukitaka kujua mfumo endeshi unakupa uhuru kiasi gani, usianzie kwenye rangi za madirisha wala picha ya mandharinyuma. Hizo kila mfumo unakuachia uchezee. Mimi natumia Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa mambo yangu na Mac kazini, na jamaa zangu wenye Windows wakikwama hunipigia mimi, kwa hiyo nimejizoesha kuuliza maswali ya kichokozi zaidi: naweza kuondoa nisichokitaka? Naweza kukataa ninacholetewa?

Anza na kuondoa. Kwenye Mac, fungua folda ya programu, ushike Chess, ule mchezo wa sataranji, uuburute hadi kwenye pipa la taka. Utajibiwa kwamba haufutiki kwa kuwa macOS, mfumo endeshi wa Mac, inauhitaji. Sataranji! Sababu yenyewe ni kwamba tangu 2019 faili za mfumo hukaa kwenye sehemu ya diski isiyoandikika, na tangu 2020 sehemu hiyo hutiwa muhuri wa kidijitali. Juu yake kuna SIP, ulinzi ulioingia 2015, ambao humzuia hata msimamizi mkuu wa mashine. Andika csrutil status kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, uone kama umewashwa. Kuuzima kunawezekana, ila ni lazima uwashe mashine katika hali ya urejeshaji. Usiuzime kwa ajili ya mapambo tu. Programu hasidi nazo hugonga ukuta huohuo.

Kwenye Windows jaribu kuondoa kivinjari cha Edge kupitia Mipangilio. Hapa jibu hutegemea unaishi wapi: walio katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya wameruhusiwa kukiondoa tangu 2024, kwa sababu sheria ya huko imelazimisha. Windows ni ileile. Kwa hiyo ukiambiwa jambo fulani haliwezekani, uliza kama ni kompyuta iliyoshindwa au ni mtu aliyeamua.

Linux hukuacha ufute chochote, pamoja na tawi ulilokalia. Mwaka 2021 mtengeneza video maarufu, Linus Sebastian, alitaka kusimika Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, toleo mojawapo la Linux. Kasoro ya kifurushi cha programu hiyo ikaifanya apt, chombo cha kusimika na kuondoa programu, ipange kufuta eneo-kazi zima, yaani madirisha, menyu na vyote vya kubofya. Apt ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima kuthibitisha. Akaandika, eneo-kazi likaondoka. Kizuizi kikaongezwa baadaye. Hivyo basi, apt ikikuorodheshea vitakavyoondolewa, soma orodha hadi mwisho kabla ya kukubali.

Sasa kukataa. Windows 11 hukuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5, kisha ni lazima uyapokee ndipo usimamishe tena. Toleo la Pro lina kihariri cha sera za mfumo, ambako unaweza kuyaahirisha kwa muda mrefu zaidi, Home halina. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wauzaji wanavyoieleza, kwa hiyo angalia ni toleo gani kabla ya kulipa. Home pia hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kulisimika. Kwenye Mac unaweza kuzima masasisho ya kiotomatiki ukaishia hapo.

Na wapenzi wenzangu wa Linux tusijipigie makofi mapema. Kwenye Ubuntu, toleo jingine la Linux, programu zinazokuja kwa mtindo wa vifurushi uitwao snap hutafutiwa masasisho mara kadhaa kwa siku na kujisasisha zenyewe. Amri ya kuzituliza ni snap refresh --hold, na watumiaji wengi hawajui hata kwamba ipo.

Mwonekano nimeuweka nyuma makusudi. Dock ya Mac, ule mstari wa aikoni za programu, hukaa chini, kushoto au kulia, juu haiendi. Windows 11 ilipotoka 2021 iliondoa uwezo wa kuhamishia upau wa kazi pembeni au juu, jambo ambalo matoleo ya nyuma yalifanya bila shida. Kwenye Linux unachagua eneo-kazi lenyewe, na KDE Plasma ndiyo uwanja wa wachezaji: bofya kwa kitufe cha kulia, ingia hali ya kuhariri, kisha hamisha, ongeza au futa paneli upendavyo. GNOME, eneo-kazi jingine, ina msimamo wake kuhusu eneo-kazi linavyopaswa kuwa. Utaibadilisha kwa viendelezi, programu ndogo za kuongezea, na viendelezi hivyo huvunjika mara kwa mara toleo jipya linapotoka, yaani kila baada ya miezi 6 hivi. Kama hutaki kurekebisha jambo lilelile mara mbili kwa mwaka, chukua Xfce, eneo-kazi la tatu. Sura yake haitamvutia yeyote, lakini ulivyoipanga ndivyo utakavyoikuta.

Kabla ya kuhamia Linux, andika toleo kama Linux Mint au Fedora KDE kwenye flashi na uwashe kompyuta kutoka humo bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa, halafu funga kifuniko cha laptopu uone kama itaamka vizuri. Kulala na kuamka ndiko kunakosumbua zaidi. Kagua pia programu za kazi yako, maana Photoshop haina toleo la Linux. Ikiwa hiyo ndiyo inayokulisha, baki ulipo, nunua Pro badala ya Home, na uzime arifa na mapendekezo yote yasiyokuhusu kwenye Mipangilio. Ikiwa kazi yako yote iko kwenye kivinjari, nakili faili zako kwenye diski ya nje kwanza, ndipo usimike.