Kupima virusi kwenye mikunde pori, kuanzia porini mpaka maabara

Wadau, wengi wetu tunapima maharage na kunde za shambani tu, hizi za porini zilizoota pembeni ya shamba tunazipita, wakati Uganda watafiti walishaikuta BCMNV (kirusi kile kinachoua maharage na kuacha mizizi myeusi) kwenye Vigna vexillata (kunde pori), marejea na jamii ya Senna, na taarifa ikatoka 1997. Kidukari (mdudu mdogo anayefyonza utomvu) akionja jani lenye kirusi sekunde chache tu kashakibeba, anahamia shambani kwako.

Kwanza jua mmea wenyewe. Piga picha ya ua, ganda na jani, chukua GPS, bana tawi moja kwenye gazeti lipelekwe hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), maana jina la mmea likikosewa majibu yote ya maabara hayana kazi.

Pili, kuchuma. Tafuta batobato, majani yaliyojikunja, mishipa iliyopauka, ila mimea pori mingi inabeba virusi na haionyeshi chochote kwa hiyo chuma na ile inayoonekana mzima kabisa. Chukua majani machanga ya juu, badili glavu kila mmea, weka kwenye bahasha ya karatasi halafu ndani ya mfuko wenye silika jeli (punje zinazonyonya unyevu). Mfuko wa plastiki mtupu kwenye jua ni kuozesha sampuli tu.

Tatu, ELISA (kipimo ambacho kingamwili zikikamata kirusi rangi ya njano inatoka), anza na kingamwili za kundi zima la potyvirus, ndimo BCMNV ilimo. Tafadhali sana hapa kwenye kontroli, yaani sampuli isiyo na kirusi ya kulinganishia! Usiweke jani la maharage mazima ukasema ndo kontroli ya kunde pori, kila mmea una utomvu wake na mwingine unatoa unjano wenyewe bila kirusi. Otesha mbegu za mmea huohuo kwenye banda la neti, nazo zipime kwa PCR (kipimo cha vinasaba, kipo hatua ya nne) kwanza kwa sababu BCMNV inapita hata kwenye mbegu. Soma ukali wa rangi kwa mashine kwenye mwanga wa nanomita 405, wengi wanahesabu ina kirusi ikifika mara mbili ya wastani wa kontroli.

Nne, RT-PCR, yaani unatoa RNA (vinasaba) kwenye jani, unaigeuza DNA na kuinakili mpaka ya kirusi ionekane kama bendi. Ukisaga jani likageuka kahawia ujue limejaa fenoli (kemikali za mmea zinazoharibu kipimo), tumia CTAB (sabuni ya kutolea RNA) ya moto nyuzi 65 na uongeze PVP inayozinasa fenoli. Kila sampuli ipimie na jeni ya mmea wenyewe kama nad5, isipotoka bendi hapo basi RNA yako mbovu, usiandike "haina kirusi".

Bendi ya kirusi ikitoka peleka ikasomwe sikwensi (mpangilio wa herufi za vinasaba, yaani besi) halafu linganisha na zilizopo kwenye hifadhidata kwa programu ya BLAST. Kwa potyvirus, jeni ya koti la protini ikifanana chini ya kama asilimia 76 na zinazojulikana inaweza kuwa spishi mpya, ila usitangaze mpaka upate jenomu nzima, ni besi kama 10,000. Na kama dalili zipo ila PCR haioni kitu, sikwensi RNA ndogo za besi 21 mpaka 24 uzipitishe kwenye programu ya VirusDetect, yenyewe haihitaji ukisie kirusi gani.

Ukishapata BCMNV saga jani kwenye bafa ya baridi, paka na unga wa kaborandamu (unga mkali unaokwaruza jani) juu ya majani ya maharage yenye jeni ya I (jeni ya ukinzani inayofanya maharage yafe kwa BCMNV), uone kama mishipa inageuka myeusi na ncha inakufa, hapo ndo unajua kile cha porini kinaweza kuingia kwenye maharage ya mkulima.