Kukopi mafaili mengi usiku bila kompyuta kukusubiri uklik "ndiyo"

Nilikua na GB 600 za video za harusi nataka zihamie kwenye eksteno (diski ya nje), nikapiga hesabu, USB 2.0 inapeleka kama MB 30 kwa sekunde kwa hiyo masaa matano na nusu hivi, saa tano usiku nikapaste nikaenda zangu kulala. Alfajiri naamka, asilimia 4! Kidirisha kimekaa katikati ya skrini kinaniuliza kama nina uhakika nataka kukopi faili fulani bila propati zake. Propati gani sasa, mi nataka video tu.

Hilo swali linakuja ukitoa kitu kwenye diski ya NTFS kwenda exFAT au FAT32 (hizi ni namna tofauti za diski kupanga mafaili). Kama upo macho tiki kaboksi ka chini ili jibu liende kwa zote, ila ukilala tumia robocopy, programu ya kukopi kwa kuandika amri, ipo ndani ya Windows tangu Vista na yenyewe haiulizi kitu. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) uandike:

robocopy "D:\Harusi" "E:\Harusi" /E /XO /R:2 /W:5 /LOG:D:\ripoti.txt

Ya kwanza ni folda unayotoa, ya pili unakopeleka, na /LOG inaandika kilichotokea kwenye ripoti.txt. /E inabeba folda zote za ndani hata tupu. /XO inaruka faili kama lililopo kule ni jipya zaidi, maana usipoiweka la zamani litalifunika jipya kimya kimya, na hapo ndo ujue kutoulizwa nako kuna hasara yake. Halafu usisahau /R (ijaribu tena mara ngapi) na /W (isubiri sekunde ngapi), bila hizo kwa kawaida ikigonga faili bovu inajaribu tena mara milioni 1, kila mara inapumzika sekunde 30, haikuulizi kweli lakini haimalizi pia. Na usiweke mkwaju (\) mwishoni mwa jina la folda kabla ya kufunga alama za nukuu, amri inavurugika.

/MIR kaa nayo mbali kama hujaizoea, inafuta kule kila ambacho huku hakipo. Mi ilinilia folda nzima ya send-off ya watu.

Kabla ya kulala ongeza /L mwishoni uirun, inakuandikia kwenye ripoti.txt itakachofanya bila kukopi chochote, ukiridhika itoe urun tena. Angalia pia eksteno isiwe FAT32, faili la GB 4 na kuendelea halikai humo hata ufanyeje, na kuibadili kuwa exFAT kunafuta kila kitu kwa hiyo toa vyako kwanza. Laptopu nayo isilale, chomeka chaji uandike powercfg /change standby-timeout-ac 0.

Asubuhi fungua ripoti.txt shuka mpaka chini kwenye jedwali, safu ya FAILED ikiwa 0 kote basi poa, kama kuna namba panda juu utafute neno ERROR, jina la faili lililogoma liko hapo hapo.