Baiskeli Jijini London: Usijibane Ukingoni

Kwa aliyetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kuendesha kushoto si jambo geni. Kinachomponza ni mazoea. Kwetu mwenye baiskeli hupigiwa honi mpaka ashuke lami, kwa hiyo akifika London huenda akiambaa na ukingo. Huko ndiko kwenye vipande vya chupa, mifuniko ya chuma inayoteleza mvua ikinyesha, na milango ya magari inayofunguliwa ghafla.

Kanuni za barabara za Uingereza zilirekebishwa Januari 2022. Kwenye mtaa mtulivu, kwenye foleni inayosogea polepole, na unapokaribia njia panda, unashauriwa ushike katikati ya njia yako. Kwingine kaa angalau nusu mita kutoka ukingoni, na mita moja kutoka kwa magari yaliyoegeshwa. Gari likikupita kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa linatakiwa likuachie angalau mita 1.5. Ukijibana pembeni, dereva huona nafasi ya kukupita hata pasipotosha.

Lori ndilo la kuogopwa kuliko yote. Likisimama kwenye taa, usipenye kati yake na ukingo, hata kama mistari ya njia ya baiskeli inakuelekeza hapo. Linapokata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati mkondo wa yale ya mbele: huikata kona kwa ndani na kuimeza nafasi yote uliyosimama, na huenda dereva asikuone kabisa. Mengine huanza kwa kuelemea kulia kama yanayokupisha. Usidanganyike. Subiri nyuma.

Njia fupi kwenye ramani mara nyingi ndiyo ya mabasi na malori. Ijaribu safari yako ya kazini Jumapili asubuhi, na utafute njia zilizotenganishwa na magari, kama C3 kutoka Tower Hill kuelekea Westminster. Halmashauri nyingi za mitaa hufundisha watu wazima kuendesha bure au kwa ada ndogo; waulize.

Usiku sheria inataka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, reflekta nyekundu nyuma na za njano kwenye pedali. Kofia ngumu si lazima kisheria, ila vaa. Kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu au kuvuka taa nyekundu kunaweza kukugharimu faini ya pauni 50.

Wezi ni wengi. Kufuli la waya hukatwa kwa sekunde chache. Tumia la chuma lenye umbo la U, lishike fremu na gurudumu la nyuma pamoja, na la pili lishike la mbele. Ukinunua baiskeli iliyotumika, soma namba ya fremu, ambayo kwa kawaida iko chini ya ekseli ya pedali, uitafute kwenye tovuti ya BikeRegister uone kama haijaibwa, kabla hujatoa pesa.

Baiskeli ya kukunja huingia treni za chini ya ardhi wakati wowote. Isiyokunjika haingii kwenye mahandaki ya kina, na hata treni za Overground, zinazopita juu ya ardhi, huizuia siku za kazi saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni.

Kwa matembezi ya wikendi, anza na njia ya Tamsin Trail inayozunguka bustani ya Richmond Park, kama kilomita 12 hivi. Kulungu huko hukatiza njia bila kuangalia. Septemba na Oktoba, msimu wao wa kupandana, kaa mita 50 mbali nao.