Namna ya Kuchunguza Jengo la Zamani la Serikali Mwanza

Anayetaka kuandika historia ya jengo la zamani la utawala hapa Mwanza aombe kwanza ruhusa ya ofisi iliyomo, kisha aanze na kuta kabla ya karatasi. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, na reli ikafika mwaka 1928. Kwa hiyo jengo moja huweza kuwa na kazi ya mafundi wa tawala mbili au tatu.

Pima unene wa ukuta penye dirisha kwa futi kamba. Ukuta mnene wa mawe mara nyingi ni wa awali, ilhali matofali ya saruji ni nyongeza ya baadaye. Usikwangue popote, tafuta mahali ambapo plasta imebanduka yenyewe, utazame kilichounganisha mawe. Chokaa ni nyeupe na hupukutika kwa ukucha, saruji ni ya kijivu na ngumu. Saruji ikipakwa juu ya chokaa hunasa unyevu ndani ya ukuta, na ukarabati wa namna hiyo unasikitisha sana.

Nyaraka nyingi za utawala wa Kijerumani zimo katika Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, boma la Kijerumani huhitaji kutangazwa rasmi; basi mpelekee afisa utamaduni vipimo na picha zako.